Hili Liandikwe: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wote wa Bodi ya Wakurugenzi

YAH: VUMBI LA IDARA YA USAGAJI NA MANENO YALIYOONDOLEWA KWENYE MIHTASARI YA VIKAO

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Wajumbe,

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyekaa pembeni mwa meza yenu nikiandika mihtasari ya vikao. Huenda wengi wenu hamuikumbuki sauti yangu, na sina la kulalamika katika hilo, kwa kuwa mwandishi wa vikao hulipwa asikie bila kusikika. Leo ninawaandikia hadharani kwa sababu barua nne nilizowaandikia faraghani, zote zikipitia kwa Katibu kama utaratibu unavyotaka, hazikujibiwa hata kwa ile sentensi ya adabu ya kukiri kupokelewa. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono na nikasainiwa kwenye daftari la kupokelea barua. Ya nne ilirudi kwangu ikiwa bado imefungwa.

Lalamiko langu linahusu vumbi la mawe linalowaingia mapafuni watu wa idara ya usagaji, lakini linahusu zaidi namna Bodi hii ilivyojifunza kutolijua vumbi hilo. Ninasema ilijifunza kwa sababu somo lenyewe nimelishuhudia tangu mwanzo, na madaftari yangu ya rasimu ninayo. Katika ofisi yenye simu, majalada, wakaguzi na gari la kuwapeleka wajumbe kiwandani, kutojua hakuji kwenyewe. Ni kazi kama kazi nyingine, na ina watu wake. Nami nilikuwa mmoja wao.

Nitaeleza mambo matano, kisha nitayajibu yale ninayojua mtayasema, kwa kuwa nimeyaandika kwa mkono wangu mara nyingi, halafu nitataja ninachoomba.

1. Bodi iliambiwa, na iliambiwa mapema.

Taarifa ya kwanza ilitoka kwa msimamizi wa zamu. Aliandika kwa lugha ya mtu aliyeona: kwamba wanaume watatu waliokuwa wakipanda ngazi ya mtambo mkuu bila kushika popote sasa hupumzika katikati ya ngazi, kwamba feni mbili za kufyonza vumbi zimesimama, kwamba ifikapo katikati ya zamu taa za idara huonekana kana kwamba zimefunikwa shuka. Karatasi hiyo ilipofika kwa mkuu wa idara, ngazi ilitoweka, na mahali pake pakaandikwa “baadhi ya watumishi kulalamikia afya”. Ilipofika kwa menejimenti ikawa “changamoto za kiafya”. Ilipofika mezani kwenu ilikuwa mstari mmoja chini ya Mengineyo, ukisema kwamba zipo changamoto ndogo ndogo na kwamba zinashughulikiwa. (Ningeomba, kwa heshima, neno “changamoto” lipewe likizo. Tangu liingie maofisini hakuna tatizo lililobaki na jina lake: upotevu wa fedha ni changamoto, feni mbovu ni changamoto, na mtu anayekohoa damu naye ni changamoto.)

Hata hivyo mstari huo mmoja ulimfanya mjumbe mmoja aulize maana yake. Mkuu wa idara, ambaye akibanwa ni mtu mkweli, akaeleza yote: ngazi, feni na taa. Chumba kikanyamaza. Kisha Mwenyekiti akageukia upande wangu akasema, “Hili lisiandikwe.” Nami sikuandika. Baada ya siku hiyo niliambiwa maneno hayohayo katika vikao vingine vitano, na kila mara yalihusu idara ileile.

Nimekifikiria sana kimya cha siku ile. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo watu waliwekwa katika chumba wakijaza fomu, kisha moshi ukaanza kupenyezwa kupitia tundu la ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa. Kati ya waliokaa na wenzao wawili waliokuwa wameelekezwa kujifanya hawaoni kitu, waliotoka walikuwa asilimia 10 tu. Waliobaki waliendelea kujaza fomu huku wakikohoa na kupangusa macho. Mezani kwenu hapakuwa na moshi, ila palikuwa na watu wazima, wenye elimu na familia, kila mmoja akiusoma uso wa mwenzake aone kama kuna sababu ya kushtuka. Siamini kwamba yeyote kati yenu ni katili. Ninaamini kwamba kila mmoja, angekuwa peke yake na ile karatasi ya kwanza, angeinuka.

2. Vumbi lilipimwa siku ambayo mitambo ilikuwa imezimwa.

Taarifa ya kipimo ndiyo mnayoitegemea kila mnapoulizwa, na tarehe yake ni ya siku ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji tangu usiku. Orodha ya zamu ya siku hiyo inaonyesha walinzi wawili tu. Sina haja ya kuongeza neno.

3. Wagonjwa wanatibiwa ugonjwa usio wao, na picha za vifua vyao hazifiki mikononi mwao.

Vumbi linalotokana na kusaga mawe yenye silika (madini yaliyomo katika mchanga na mawe mengi) halidhuru kwa wingi unaoonekana kwa macho. Zinazodhuru ni chembe ndogo kuliko tunavyoweza kuona, ambazo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Makovu hayo hayafutiki kwa dawa yoyote iliyopo, na huendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, nao kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, ingawa penye vumbi zito sana huweza kumwangusha mtu katika muda mfupi zaidi. Aliye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na dalili za magonjwa hayo mawili zinafanana kiasi kwamba mwenye silikosisi huweza kutibiwa kama mwenye kifua kikuu mwaka hadi mwaka. Tena tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliweka vumbi hilo katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Katika zahanati ya kiwanda mtu wa usagaji hupewa dawa ya kikohozi, na akirudi mara ya tatu huanzishiwa dawa za kifua kikuu. Picha ya eksirei hupigwa, ikaandikwa namba, ikaingia kwenye jalada lililo chini ya idara ya utumishi. Nimemwona mtu akiomba picha ya kifua chake mwenyewe akajibiwa kwamba ni mali ya kampuni. Mkataba wake ulipoisha hakuongezewa, na hivyo akawa si mgonjwa wetu tena. Kwa hesabu za kiwanda, idadi ya wagonjwa ilipungua.

4. Aliyesema alihamishwa.

Yule msimamizi wa zamu sasa anatunza stoo ya vifaa vya ofisi. Barua yake ya uhamisho, ambayo niliichapa mimi, inasema ni kwa “mahitaji ya kazi”. Hakuna aliyemfokea wala kumtisha. Wenzake walielewa.

5. Ninyi wenyewe, mlipokwenda kule, mlivaa barakoa.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, ndugu Mwenyekiti. Mlipoitembelea idara ya usagaji, kila mjumbe alipewa mlangoni barakoa nzito yenye vichujio, mpya, ikiwa bado kwenye mfuko wake. Waliokuwa wakiendesha mitambo walikuwa wamejifunga vitambaa vya kawaida puani, ambavyo kwa chembe ninazozieleza havina tofauti kubwa na kutovaa kitu. Mlisimama mkazungumza nao kupitia vichujio. Mtu hawezi kuvaa kinga dhidi ya jambo asilolijua.

Nami niliposoma baadaye kuhusu handaki la Hawks Nest huko West Virginia nchini Marekani, nililazimika kufunga kitabu kwa muda. Mwaka 1930 na 1931 maelfu ya vibarua, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa wakitafuta riziki wakati wa mdororo wa uchumi, walichimba handaki kupitia mwamba wenye silika nyingi, bila maji ya kutosha ya kuua vumbi na bila barakoa, ilhali wakubwa walipokwenda kukagua walivaa zao. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na makadirio yanayojulikana zaidi yanahesabu mamia. Mwezi Agosti 1930, kazi hiyo ikiwa katika mwaka wake wa kwanza, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limewakutanisha wataalamu mjini Johannesburg kuzungumzia ugonjwa huohuo. Elimu ilikuwapo mezani, na handaki likaendelea kuchimbwa.

Miaka sita kabla ya hapo, huko Rochdale nchini Uingereza, alikufa mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto (madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto) aitwaye Nellie Kershaw, mwenye umri wa miaka 33. Kampuni ilikataa kumlipa fidia, na ilikataa hata kuchangia mazishi, kwa hofu kwamba kulipa kungekuwa kukiri. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akayakuta yana makovu na vipande vya madini, akachapisha habari hiyo mwaka uleule, 1924. Kanuni za kwanza za kudhibiti vumbi hilo viwandani zilitungwa Uingereza mwaka 1931, na marufuku kamili ya asbesto ikaja mwaka 1999. Kati ya pafu la Nellie Kershaw chini ya hadubini na marufuku hiyo kuna miaka 75, na katika miaka yote hiyo palikuwa na bodi zilizokutana, zikawa na ajenda, na zikawa na mwandishi.

Sasa nije kwenye majibu yenu.

Mtasema hamkujua. Nimeshalijibu hili kwa habari ya barakoa, ila niongeze kwamba sheria nayo haijawahi kulistahi sana jibu hilo. Katika kesi ya mtu aitwaye Sleep huko Uingereza mwaka 1861 jaji alikwisha kumtaja mtu anayefumba macho kwa makusudi asione njia ya kujua, na mahakama za nchi nyingi zimelikuza wazo hilo tangu hapo. Mwaka 2006, wakuu wawili wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, waliposhtakiwa mjini Houston, jaji aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba wanaweza kuhesabu kuwa mtu alijua ikiwa aliyafumbia macho kwa makusudi mambo yaliyokuwa wazi mbele yake.

Mtasema wataalamu hawajaafikiana, na kwamba bado mnasubiri uthibitisho. Ugonjwa unaochukua miaka kumi kuonekana hauwezi kuthibitishwa kwa kusubiri, isipokuwa mnasubiri mazishi. Tena ninajua jinsi kutoafikiana kunavyopatikana. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, walishauri kisirushwe kwa sababu ya baridi, kwani walihofia mipira ya kuzibia viungo vya roketi isingefanya kazi; mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameandika dokezo la onyo tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Mkubwa mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivua. Asubuhi chombo kikarushwa, na katika sekunde ya 73 kikasambaratika pamoja na watu saba. Mhandisi wetu wa mitambo naye alivuliwa kofia yake mbele yangu, kwa maneno ya upole kuliko hayo, na sahihi yake ndiyo mnayoionyesha leo kuwa ni maoni ya kitaalamu.

Mtasema kiwanda kikisimamishwa watu watakosa kazi. Hakuna aliyeomba kisimamishwe. Kunyunyizia maji kwenye mawe kabla ya kuyasaga, kuzifunika sehemu zinazotimua vumbi, na kutengeneza feni mbili zilizokufa ni kazi ambazo fundi wetu mwenyewe alikwisha kuziandikia makadirio, nayo yamo kwenye jalada. Wanaolitaja zaidi suala la ajira hawajawahi kuwauliza walio kwenye ajira hizo.

Mtasema, na hapa mtakuwa na haki, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeacha kuandika. Ni kweli. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa kutii, mara ya pili kwa mazoea, na mara ya tatu nilikuwa nimeanza kuinua kalamu kutoka kwenye karatasi kabla ya kuambiwa. Hiyo ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Wahenga wetu walisema funika kombe mwanaharamu apite, na nimewahi kumsikia mjumbe akiitumia methali hiyo kikaoni kama hekima ya uongozi. Ninayo nyingine ya wahenga haohao, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ila hiyo sijaisikia ikitajwa mezani.

Mwisho mtauliza kwa nini nimeyatoa nje. Kwa sababu nimefanya kazi na karatasi muda mrefu na ninajua hatima yake. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Miaka miwili kabla, mwanasheria mkuu wa koloni hilo alikuwa amemwandikia gavana kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Majalada mengi yalichomwa wakoloni walipokuwa wakiondoka, na mengine yakasafirishwa Uingereza, yakafichwa mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyafichua mwaka 2011. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Jambo hilo ni zito kuliko letu kwa kila kipimo, na sitaki mtu aseme nimeyalinganisha. Nimelitaja kwa ajili ya zile karatasi tu. Wale wazee walisubiri zaidi ya miaka 50 kwa kuwa maneno yao peke yake hayakuhesabiwa kuwa ushahidi mpaka yalipopatikana maandishi ya waliowatesa. Watu wa usagaji hawana miaka 50.

Kwa hiyo ninaomba haya:

(a) Mihtasari ya vikao sita irekebishwe na irejeshewe maneno yaliyoondolewa. Nimeyaambatisha kama yalivyo katika rasimu zangu, pamoja na majina ya waliosema, ambayo katika nakala hii ya hadharani nimeyafuta.

(b) Vumbi lipimwe upya siku ya kazi, mitambo yote ikiwa inaendeshwa, na mpimaji ambaye hakuchaguliwa na menejimenti. Vifaa vya kupimia vivalishwe wafanyakazi wenyewe kwa zamu nzima, na matokeo yabandikwe kwenye mlango wa idara kabla hayajaletwa kwenu.

(c) Kila aliyewahi kufanya kazi katika usagaji, pamoja na wale ambao mikataba yao iliisha, atafutwe, apigwe picha ya kifua isomwe na daktari mwenye ujuzi wa magonjwa ya kazini, na akabidhiwe picha hiyo mkononi.

(d) Msimamizi wa zamu arudishwe mahali pake, ikiwa bado anapataka.

(e) Wakati hayo yakisubiriwa, barakoa zile mlizovaa ninyi zigawiwe kule. Ninajua zipo. Ziko kwenye rafu ya chini katika chumba cha mikutano, kwa ajili ya wageni.

Sikuomba mtu afukuzwe, wala sikutaja fidia, ingawa siku yake itafika na haitakuwa kazi yangu kuiandika. Ombi (a) nimeliweka mbele kwa makusudi. Mtavutiwa kuanza na (e) kwa kuwa ni jepesi na linapigika picha, lakini kiwanda kinaweza kugawa barakoa leo na kuzisahau mwakani, ilhali Bodi ambayo muhtasari wake unasema “iliarifiwa, tarehe fulani, na fulani” haiwezi tena kurudi ilikokuwa.

Kikao chenu cha kawaida kinachofuata kimeshapangwa, na ajenda bado haijafungwa. Ninaomba jambo hili liwe na namba yake katika ajenda hiyo, nje ya Mengineyo. Sitakuwapo kuandika, maana barua yangu ya kuacha kazi ilipokelewa wiki iliyopita, na hiyo ilijibiwa siku ileile. Madaftari yangu ya rasimu yako tayari kukabidhiwa kwa yeyote mtakayemtuma, naye atasaini kwamba ameyapokea.

Wenu kwa heshima,

Aliyekuwa mwandishi wa vikao vya Bodi